Koti Lenye Mikono Miwili ya Kushoto

"Mzee, nyanyuka hapo kwenye kiti bila kushika popote, tembea mpaka kwenye ile alama ya chaki, geuka, kisha urudi ukae. Mwendo wako wa kila siku tu. Usikimbie."

"Nikimbie niende wapi, Daktari? Walionikimbiza ujanani wote wameshakufa."

Daktari akacheka mpaka saa ya kupimia mwendo nusura imponyoke. Siku hiyo alikuwa mwepesi wa kucheka. Harusi yake ilikuwa imekaribia, na mwanamke anayekaribia kuolewa akiwa anagonga arobaini, baada ya ndugu zake kumkatia tamaa, huweza kucheka hata na ukuta. Masikini, hakujua ni nani aliyekuwa anapanda ngazi muda huo.

Kazi yake ilikuwa ni wazee. Wenzake aliosoma nao udaktari walikimbilia upasuaji, wengine wakaenda kwa watoto, yeye akabaki na wazee na swali lake moja lililomkaa kichwani tangu ujana: kwa nini huyu anafika uzee wake bado anapanda paa kuziba linapovuja, na mwenziwe wa rika moja hakumbuki mlango wa nyumba yake uko wapi? Kulijibu swali hilo alikuwa akiwafuata wazee wale wale mwaka hadi mwaka, kliniki na majumbani kwao. Aliwapima mwendo, akawapima nguvu za mkono, akawatajia maneno matatu na baada ya mazungumzo akawaomba wamrudishie. Wengine walimrudishia yote matatu na la nne la utani. Wengine walimtazama tu, na hao ndio aliorudi nao nyumbani moyoni.

"Wewe utaolewa na hao hao wazee wako," shangazi yake alizoea kumwambia. "Tena utalea wajukuu usiowazaa."

Shangazi alinyamaza siku alipoletewa habari za Fundi.

Na Fundi huyo ndiye aliyeingia sasa, bila hodi. Yeye, mtu ambaye hupiga hodi hata kwenye mlango ulio wazi! Futi ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake, maana yake alitoka kwenye karakana yake ya ushonaji moja kwa moja. Hakunyoa. Macho yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, mzee," akasema, lakini macho yalikuwa kwa Daktari.

"Marahaba, baba." Mzee akamtazama yeye, akamtazama Daktari, akaokota kofia yake. "Mimi nitatembea siku nyingine. Leo naona humu ndani hamna nafasi." Akajiondokea taratibu, akaurudisha mlango nyuma yake kama anayefunga chumba cha mgonjwa.

Daktari akainuka. "Kuna nini? Mbona uko hivyo?"

"Mama alipotea jana."

"Alipotea? Alipotea vipi? Mbona hukunipigia simu?"

"Alikwenda kununua uzi. Duka lile lile analonunua uzi tangu mimi sijazaliwa. Tumemtafuta mchana kutwa, mimi, dada, majirani, mpaka wateja. Unajua tulimkuta wapi? Amekaa kwenye ngazi za shule niliyosoma. Jua linampiga, midomo imemkauka. Namuuliza, mama, unafanya nini hapa? Akaniambia, 'Namsubiri mwanangu atoke darasani.'" "Kaniambia mimi, mwanawe. Mimi ndiye ninayesubiriwa, nimesimama mbele yake, na hanioni."

Daktari akafumba macho. Alitaka kumshika. Mkono ukainuka, ukasita.

"Tukampeleka hospitali," Fundi akaendelea. "Muuguzi mmoja akamtazama, akasema, 'Ah, huyu si mama yetu wa kwa Daktari wa Wazee? Kumbe kumbukumbu yake imeshafika huku?' Imeshafika! Neno hilo nimelala nalo, nimeamka nalo. Kitu kikiwa kimeshafika, maana yake kilianza safari zamani. Sasa nakuomba, na usinizungushe. Wewe ulijua lini?"

Angeweza kusema uongo. Palikuwa na uongo mwingi mzuri, wa kupendeza, ungemfuta machozi mwanamume yule na harusi ingekuwepo. Daktari aliutazama uongo huo, kisha akauacha.

"Nilijua kabla hujanichumbia."

"Rudia."

"Nilijua kabla hujanichumbia. Mama yako alikuwa kwenye utafiti wangu kabla sijakufahamu wewe. Umesahau tulivyokutana? Nilikuja karakana kumtafuta yeye, wewe ukadhani nimekuja kushona gauni, ukanipima mabega mazima kabla hujaniuliza nimefuata nini."

Siku nyingine wangecheka. Ilikuwa ndiyo hadithi yao, waliisimulia kwa kupokezana, yeye akianza na Fundi akimalizia. Leo hakuna aliyecheka. Fundi alikaa kwenye kiti cha wazee, pale kwenye mwanzo wa mstari wa chaki, mikono yake mirefu ya kazi ikalala magotini.

"Unalikumbuka lile koti?" akauliza.

Daktari alilikumbuka. Nani angesahau? Mama yake Fundi, mwanamke aliyewashonea suti mabwana harusi wa mji mzima, aliyeweza kukata kitambaa kwa jicho tu, siku moja alimshonea mteja koti la sufu zuri ajabu. Kola imekaa sawa, bitana imelala, vifungo vimepangika. Mteja akalivaa, akakwama. Mikono yote miwili ya koti ilikuwa ya kushoto. Wateja walicheka, na mama mwenyewe akacheka nao. Aliyeshindwa kucheka ni mwanawe.

"Nilimfokea mbele za watu," Fundi akasema. "Nilimwambia, mama, kama umechoka na kazi si useme, kuliko kunivunjia jina. Nikamnyang'anya mkasi mkononi. Mama aliyenishika vidole akanifundisha kutunga uzi kwenye sindano! Akaniambia, 'Nisamehe, baba.' Sikumjibu. Nilimnunia. Akakaa pembeni siku nzima anafumua ule mkono kidogo kidogo, mimi nampita kama sijamwona. Jioni nikaja kwako, nikakusimulia yote hayo. Ulikuwa unanimiminia chai. Uliniambia nini?"

"Nilikuambia usimfokee tena."

"Basi! Usimfokee tena. Kwa nini nisimfokee, hukusema. Ulijua kwamba yule si mzembe, ni mgonjwa. Ulijua, na ukaniuliza kama sukari imetosha!"

"Alinikataza!" Sasa Daktari naye alikuwa analia. "Sikiliza. Kwenye kazi yetu, aliyepimwa ndiye mwenye majibu yake. Nilimwambia mama, waite wanao tuwaeleze pamoja. Akakataa. Nilirudi nikamwomba tena, akakataa tena. Alinishika mkono akaniapisha. Alisema, mwanangu akijua hataoa. Ataacha kila kitu akae aniangalie mimi mpaka nife. Alisema, nikimwona amepata mwenzake, hapo hata nikisahau jina langu sijali."

"Mama alisema hivyo?"

"Neno kwa neno."

"Nani mwingine aliyesikia?"

"Tulikuwa wawili tu."

Fundi akatikisa kichwa polepole. Akamtazama, na mtazamo ule Daktari hakuwa ameuona kwake kabla. Si hasira. Hasira angeivumilia. Alikuwa anamtazama kama mtu anayesoma bango la lugha asiyoijua.

"Sawa. Tuseme alikukataza," akasema. "Lakini nijibu na hili. Ulinyamaza kwa ajili yake, au kwa ajili yako?"

Daktari akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Twende nyumbani," Fundi akasema akiinuka. "Ukamwambie hayo mbele yake. Akikubali kwamba ndiye aliyekukataza, nitakupigia magoti mbele ya dada yangu."

*

Sebule ya nyumba ile Daktari aliijua kuliko ya kwake. Kochi lililovishwa kitambaa cha maua, cherehani ya zamani dirishani, kopo la vifungo la rangi zote. Mama alikuwa amekaa karibu na mwanga, anapinda pindo la suruali. Mkono ulikwenda na kurudi kwa ustadi ule ule wa miaka yote. Ilibidi usogee karibu ndipo uone kwamba sindano haikuwa na uzi.

Dada yake Fundi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Tangu uchumba ulipoanza alikuwa akimwita Daktari "wifi", tena kwa sauti ya kuvuta, "wiiifi", mpaka majirani wanasikia.

"Karibu, Daktari," akasema.

Neno moja tu hilo, na Daktari akajua kwamba amefukuzwa kabla hajakaa.

"Dada, naomba nieleze..."

"Mimi nina swali moja, halafu utaeleza upendavyo. Ulikuja hapa kutafuta mume, au kutafuta mgonjwa?"

"Dada!" Fundi akamkemea.

"Niache niseme! Kila akija hapa, hata siku zisizo za utafiti, 'Mama, leo siku gani? Mama, jana mlikula nini? Mama, hebu simama twende uani.' Mimi mjinga nakaa nasema, tazama wifi yangu anavyompenda mama, anavyoongea naye! Kumbe anampima. Chakula chetu anakula, na mama yetu anampima. Umemfanya mama kitu cha kujifunzia, ndani ya nyumba yake mwenyewe!"

Hilo lilimchoma Daktari kuliko yote, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Hakuwa amekusudia. Lakini mtu aliyetumia maisha yake kutazama wazee hawezi kuyaacha macho yake mlangoni pamoja na viatu. Hata siku ya kutambulishwa kama mchumba, mama alipoinuka kumkumbatia, Daktari alihesabu kichwani mara alizojikongoja kuinuka kabla hajakumbuka kwamba huyu ni mama mkwe.

"Nilimpenda," akasema kwa sauti ndogo. "Nampenda. Na kumtazama nilimtazama pia. Sijui kupenda bila kutazama."

Fundi akapiga goti kando ya mama yake, akamshika mkono wenye sindano. "Mama. Mama, nitazame. Uliwahi kumwambia huyu asituambie jambo lolote? Kuhusu afya yako? Ulimwambia afiche?"

Daktari alimtazama mama mdomoni. Kumbuka, mama, aliomba kimoyomoyo. Kumbuka leo tu, hata kama kesho hutakumbuka tena. Maneno uliyoniambia ukiwa umenishika mkono hivi, kumbuka hata moja.

Mama akamtazama Daktari kwa upole, kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Nimwambie afiche?" akauliza. "Mimi nina siri gani na binti wa watu? Kwanza nani huyu? Mteja? Mbona mmemwacha amesimama, mpeni kiti jamani."

Dada yake Fundi akaangua kilio. Fundi akabaki pale pale chini, paji la uso limeegemea goti la mama yake.

Daktari alisubiri. Alikuwa radhi kutukanwa, alikuwa radhi kufukuzwa kwa maneno, ili mradi mwanamume yule aseme kitu. Hakusema. Shahidi wake wa pekee duniani alikuwa amekaa mbele yake anapinda pindo bila uzi, na ugonjwa ambao Daktari aliusoma na kuuandikia kwa miaka mingi ulikuwa umekuja kumchukulia shahidi huyo na mume kwa pamoja.

"Harusi haipo," dada mtu akasema katikati ya machozi. "Waambie kwenu hivyo."

Daktari akamtazama Fundi kwa mara nyingine. Kisha akachukua mkoba wake.

"Jamani," mama akasema nyuma yake, akiwa na wasiwasi wa kweli wa mtu wa biashara, "mteja hajapimwa, mbona mnamwacha aondoke?"

*

Usiombe siku zilizofuata zikukute. Daktari alikwenda kazini kila siku, akawapima wazee wake, akacheka utani wao, na njiani kurudi akalia. Shangazi alihamia kwake kwa kisingizio kwamba kwake maji yamekatika.

"Mpigie simu," shangazi akasema.

"Nimpigie nimwambie nini? Hawezi kuniamini."

"Basi mwache. Wanaume wako wengi."

"Shangazi, mimi nimekaa miaka yote hii, kama wangekuwa wengi si ningewaona?"

Shangazi akacheka, Daktari akacheka, kisha shangazi akamvuta kichwa kifuani kama alivyokuwa akimfanya alipokuwa mdogo.

Lakini zamu ya mama ikafika. Kwenye utafiti kila mzee ana wakati wake wa kutembelewa, na hilo halijali nani kaachana na nani. Profesa wake alimwambia, "Mwachie mwenzako amwone huyu." Daktari akakubali, ila akaomba ziara moja ya mwisho, ya kumuaga mgonjwa wake na kumkabidhi vizuri. Alichagua saa ambazo Fundi huwa karakana.

Dada mtu alimfungulia mlango. Walitazamana. Alikuwa amekonda, kilemba kimekaa upande, mikono ina povu la sabuni. Kumlea mgonjwa yule kulikuwa kumemfundisha mengi kwa muda mfupi.

"Ingia," akasema. "Leo kaamka vizuri. Mimi niko uani nafua." Akasita kidogo. "Hali chakula mpaka nimwambie kuna mteja anakuja. Sijui kama unaandika mambo kama hayo."

"Naandika, dada. Asante."

Mama alikuwa palepale dirishani. Alipomwona Daktari uso ulimchanua.

"Karibu mwanangu! Umekuja kushonewa?"

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukusalimia. Na nitakutajia maneno matatu uniwekee, nitakuomba baadaye. Taa, kijiko, farasi."

"Hayo weka mwenyewe, mimi mikono imejaa. Simama hapa." Mama alikuwa ameshavuta futi yake kutoka kwenye kopo la vifungo. "Simama wima. Pumua. Watu wakipimwa wanaficha tumbo, halafu nguo ikibana wanamlaumu fundi."

Daktari akasimama wima. Mwanamke aliyewapima wazee wa mji mzima akasimama na kupimwa na mzee. Vidole vya mama vilipita begani, vikashuka mkononi, vikazunguka kiuno, vyepesi na vyenye hakika, bila kukosea popote. Kila alichokuwa amekisahau kichwani, mikono ilikuwa bado imekishika.

"Umekonda," mama akasema. "Umeolewa?"

"Bado, mama."

"Bado? Mtoto mzuri hivi? Wanaume wamekuwaje siku hizi?" Akasogea karibu, futi ingali kiunoni mwa Daktari, kana kwamba amemfunga asikimbie. "Mimi nina kijana wangu. Fundi, amenipita hata mimi. Mkali kidogo wa maneno, usimwogope, moyo wake maji. Nitakukutanisha naye. Ila kwanza nikuambie jambo, na ulifiche moyoni."

Daktari akamtegea sikio.

"Kichwa changu kinaondoka," mama akanong'ona. "Taratibu. Nashona mkono wa koti, nageuka, najiuliza, hivi nimeshaushona? Usiku naamka simjui mume wangu kwenye picha ukutani. Kijana wangu hajui, na asijue! Akijua hataoa. Namjua yule, nimemzaa. Atakaa hapa aniangalie mpaka anizike, halafu abaki peke yake na cherehani. Sitaki. Akishapata mwenzake, hata nikisahau jina langu sijali. Niahidi hutamwambia."

Machozi yalimtiririka Daktari mpaka shingoni. "Ulishaniambia, mama. Ulishaniambia, na nilikuahidi."

"Lini?" mama akashangaa. "Sasa unalia nini? Niahidi tu, si jambo kubwa."

"Nakuahidi, mama."

Kitu kikaanguka mlangoni. Kilikuwa ni kibiringo cha uzi mweupe, kikabingirika sakafuni mpaka kwenye mguu wa cherehani. Fundi alikuwa amesimama pale, mfuko wa dukani mkononi. Siku hizi uzi alikuwa anaununua yeye. Kwa uso wake tu Daktari alijua kwamba alikuwa amefika zamani, na amesikia yote.

*

Walikaa kwenye ngazi za mbele, kukiwa na nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Ndani, cherehani ilikuwa inalia. Mama alikuwa amepata uzi.

"Nilisema nitakupigia magoti," Fundi akasema.

"Usipige."

"Nilikuita mwongo."

"Hukuniita."

"Sikukuita kwa mdomo." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nisamehe."

"Nilishakusamehe siku ile ile. Hata dada nimemsamehe." Daktari akamgeukia. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chaki na kiti, tumaini lilimpanda, akalionea haya, lakini hakulizuia. "Tunaweza kumlea pamoja. Mimi kazi hii naijua. Tungemlea wote watatu, wewe, mimi na dada."

Fundi alimtazama, na sasa mtazamo ulikuwa ule wa zamani, wa mtu aliyempima mabega kabla hajamuuliza jina. Hilo ndilo lililomtisha Daktari.

"Mama alisema kweli," akasema. "Ningejua, nisingeoa. Na sasa najua."

"Hiyo si sababu."

"Si hiyo peke yake. Kila nikikutazama naliona lile koti. Nakuona unamimina chai, na unajua. Najua hukukosa, nimesikia kwa masikio yangu. Lakini nikikuoa nitakuwa naamka kila asubuhi nautafuta uso wako, nione kuna nini leo umejua hujaniambia. Mke wa mtu asiishi hivyo. Wewe usiishi hivyo."

Daktari aliitazama mikono yake. "Siku ile uliniuliza swali nikashindwa kujibu."

"Usijibu."

"Nitajibu. Nilinyamaza kwa ajili yake. Na kwa ajili yangu pia. Aliponiapisha, sikukujua. Lakini baadaye nilikujua, nikakupenda, na ningeweza kurudi kwake nikamng'ang'ania mpaka akuambie. Nilimwomba, ndiyo. Lakini kila alipokataa, kuna sehemu yangu ilishukuru. Nilijua siku utakapojua nitakukosa. Nilikuwa na miaka mingi ya kulala peke yangu, nikaogopa."

Fundi akainamisha kichwa. Alipokiinua macho yake yalikuwa yamejaa.

"Afadhali umesema," akasema. "Ningekupenda kidogo zaidi ya hapa ningekufa."

Walikuwa wanapendana, hilo lisimchanganye mtu. Walipendana pale kwenye ngazi kuliko siku ya uchumba wao. Lakini pale katikati palikuwa pamekaa mtu, na mtu huyo alikuwa mwanamke mzee anayefumua mkono wa koti siku nzima huku mwanawe akimpita.

Daktari akainuka, akakung'uta sketi. Fundi naye akainuka. Ndivyo walivyokuwa, wamesimama wanatafuta namna ya kuagana, mlango ulipofunguka na mama akatokea, futi shingoni, uso unang'aa.

"Loo, kumbe mko hapa!" akasema kwa furaha. Akamshika Daktari mkono mmoja, mwanawe mkono wa pili. "Huyu ndiye kijana wangu niliyekuambia. Baba, mtazame binti huyu, nimempima mwenyewe. Salimianeni basi, mbona mmesimama kama miti?"

Wakatazamana.

"Hujambo, dada," Fundi akasema.

"Sijambo, kaka."

Mama akaikutanisha mikono yao miwili, akaifunika na ya kwake. Viganja vilijuana. Fundi aliubana mkono ule, akaubana tena, na hakuna kati yao aliyeweza kuwa wa kwanza kuachia.

"Jamani," mama akasema, akimgeukia huyu na kumgeukia yule, "mbona mnalia? Ndiyo kwanza mnajuana."